Kuni Zimemkosea Nani?

Nina swali moja tu, na mwenye jibu anijibu kistaarabu: kuni zimemkosea nani? Nimetafuta kishoka cha kwenda nacho kambini wiki mbili nzima, usiku na mchana, simu mkononi, na kila ninachokiona kimevaa magwanda. Cheusi tii. Mgongoni kina mwiba kama mdomo wa korongo. Ukisoma sifa zake, eti kinavunja mlango, kinatoboa bati, kinang'oa komeo. Jamani, mimi sina mlango wa kuvunja. Mimi nakwenda kulala kwenye hema, mlango wake ni zipu.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Kitu cha kukatia matawi makavu, unene wa kifundo cha mkono hivi. Kichanje vijiti vya kuwashia moto, na jioni kigongee vigingi. Halafu bei yake iwe ya mtu mwenye watoto. Basi. Lakini kuandika tu neno "tomahoki", yaani kishoka chepesi cha mkono mmoja, kwenye simu, dunia nzima ikaamini nina vita na mtu. Mpaka leo naletewa matangazo ya kofia za chuma.

Na hilo neno "taktikali", wanalolibandika kwenye kila kitu cha sura ya kijeshi, nimelichunguza sana. Maana yake ni "nyeusi". Hakuna maana nyingine. Chukua mkanda wa kawaida, upake rangi nyeusi, umekuwa mkanda taktikali na bei imepanda ngazi mbili. Tochi, kalamu, begi, vyote hivyo hivyo. Nimeona hata kijiko taktikali. Sijui uji unavamiwa kutokea upande gani.

Inauma zaidi ukijua tomahoki lilianza likiwa na akili zake timamu. Neno lenyewe Waingereza waliokwenda Virginia, Marekani, walilisikia kwa Wapowhatan, wenyeji wa kule, mnamo karne ya 17, na asili yake ni kukata. Wafanyabiashara wa Ulaya wakaleta vichwa vya chuma, kishoka kikawa cha kila kazi: kuni, mawindo, na ugomvi ukitokea, sawa. Kuna yaliyotengenezwa yakiwa na kiko upande wa nyuma na mpini uliotobolewa katikati, mwenyewe akamaliza kukata kuni, akakaa, akavuta tumbaku kwa shoka lile lile. Huo ndio ubunifu! Leo hakuna anayeniuzia shoka la kuvutia tumbaku. Wananiuzia mwiba.

Mwiba nao una historia yake, sikatai. Mwaka 1966 Mmarekani mmoja, Peter LaGana, aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia, alianza kuwauzia askari waliokuwa wakienda Vietnam tomahoki jepesi lenye mwiba nyuma. Mpaka kampuni yake inafunga mwaka 1970 yalikuwa yameuzwa kama 4,000 hivi, na mengi ya haya meusi ya leo ni wajukuu wa lile. Sasa askari yule alikuwa na sababu zake. Mimi adui yangu ni kigingi.

Lakini mwanadamu hana shukrani wala macho. Pamoja na busara zote hizi, nilinunua nini? Nilinunua jeusi lenye mwiba. Lilikuwa limepunguzwa bei! Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, ila wahenga hawakuwahi kuona saa ya punguzo ikihesabu sekunde kwa rangi nyekundu.

Lilipofika nikalitoa kwenye boksi sebuleni, nikalishika, nikajiangalia kwenye kioo. Kusema kweli nilipendeza. Mke wangu akapita, akasimama, akauliza, "Baba watoto, kwani tunakwenda kupumzika au tunakwenda kupindua serikali?"

Nikamwambia, "Mama, hii ni taktikali."

"Naona. Na vigingi utagongea wapi?"

Nikaligeuza. Mbele makali. Nyuma mwiba. Nikaligeuza tena, huenda kuna upande wa tatu. Hakuna. Nilikuwa nimenunua kifaa cha kazi tatu, na kazi moja kati ya tatu imekwisha kufa kabla hatujatoka nyumbani. Kisigino bapa cha shoka, kile anachokidharau kila mtu, ndicho unachokitumia kambini kuliko hata makali. Nakwambia hivi mapema ili usije ukagongea vigingi kwa jiwe kama mimi, huku umening'iniza silaha kiunoni.

Tukafika. Nikachagua gogo, si kubwa, nikalisimamisha. Familia ikakaa pembeni kutazama. Nikainua, nikashusha. Likaingia vizuri, kaa! Watoto wakapiga makofi. Nikavuta.

Halikutoka.

Nikavuta tena kwa tabasamu. Halikutoka. Nikaweka mguu juu ya gogo, nikalibembeleza kushoto, nikalibembeleza kulia, tabasamu likaanza kuchoka. Mwishowe nikawa nanyanyua shoka na gogo lake, vyote pamoja, kama mtu aliyenasa samaki mkubwa asiyemtaka.

Sababu nilikuja kuelezwa baadaye na shemeji, kaka wa mke wangu, mtu ambaye hata siku moja hajawahi kutumia neno taktikali na kuni zake zinapasuka. Anasema shoka ni kabari. Makali yanafungua mlango tu, yanayosukuma mbao zikaachana ni yale mashavu mapana ya kichwa. Langu halikuwa na mashavu. Lilikuwa bamba la chuma, unene wa milimita sita, lililokatwa sura ya shoka kama vile watoto wanavyokata karatasi sura ya gari. Bamba linaingia kwenye gogo kama barua kwenye bahasha, na huko linakaa.

Tena bamba hilo hilo ndilo mpini. Chuma kitupu kutoka kichwani mpaka kiganjani, kimezungushiwa kamba ya parashuti. Kila pigo linarudi kwako lote. Pigo la nne nililisikia kwenye jino la mwisho kule nyuma. Na ile kamba usiku ilikunywa umande wote, asubuhi nikashika kitu cha baridi kimelowa, kama kupeana mkono na chura.

Ila kero ya mwiba inazidi hizo zote. Shoka ukiliinua ili upige, nyuma yake inaelekea wapi? Usoni kwako. Sikuwahi kuliwaza hili dukani. Nimeinua pigo la tano, likagota kwenye kitawi cha juu yangu, nikaona mwiba unakuja kunisalimia kipaji. Nikakaa chini. Nikasema leo kuni zimetosha. Kuni zilikuwa mbili.

Ala yake ilikuwa na vifungo vya kubana, na kimoja kilifunguka ndani ya hema usiku ule. Sitaki kueleza mengi. Nitasema tu kwamba godoro la upepo likitobolewa halipasuki. Linatoa pumzi taratibu, fsssss, kama mtu anayesikitika, na wewe unashuka pole pole mpaka unaikuta ardhi na mizizi yake. Mke wangu alishuka upande wake, mimi upande wangu, tukakutana na mawe yale yale. Hakusema neno. Heri angesema.

Niliporudi nikasema labda kosa ni makali. Jirani mwenye mashine ya kunolea akajitolea, cheche zikaruka, raha tupu, hadi ncha ikageuka bluu. Nikafurahia rangi. Shemeji alipoiona akashika kichwa. "Shemeji, hiyo bluu ndiyo cheti cha kifo." Chuma kikipata joto mpaka kikabadilika rangi, ugumu wa makali umeondoka. Kwa hiyo sasa nilikuwa na shoka lisilopasua, lisilogonga, na lisilokata. Limebaki na rangi nzuri.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza. Shemeji akanikalisha, akachukua kalamu, mimi nikidhani ataniandikia jina la tomahoki. Akachora tundu. Anasema tomahoki la asili, la mpini wa mti, tundu lake ni pana juu na jembamba chini. Mpini unapitishwa kutokea juu, ncha nene inanasa kwenye kichwa, na kila unaporusha mkono kichwa kinajikaza chenyewe. Halihitaji kabari kama shoka la kawaida. Mpini ukivunjika porini unachonga mwingine kwa kichwa kile kile, unaupitisha, unaendelea. Nikamuuliza, hilo mbona hawalitangazi? Akanijibu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikanyamaza, maana changu kilikuwa kimenitembelea wiki mbili.

Chuma akanieleza nusu nusu, nami nakueleza nusu ya nusu. Ukiona namba kama 1055, hicho ni chuma chenye kaboni kama asilimia 0.55: kinanoleka, kinavumilia kipigo, lakini ukikisahau na unyevu kinaota kutu kama kimenuna. Ukiona 420, ni chuma cha pua, hakisumbuki na kutu ila makali yake hayana subira. Na muuzaji akijisifu kwamba shoka lake ni gumu kuliko kisu, mkimbie. Kisu kizuri kinafika 58 hadi 60 na zaidi kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell. Shoka linatakiwa kubaki chini ya hapo, kwenye hamsini na kitu, kwa sababu kazi yake ni kupigwa. Likiwa gumu mno makali yanameguka kama kikombe.

Nikaagiza la pili. Mpini wa mti wa hikori, karibu sentimita 55, kichwa kidogo, nusu kilo na kidogo hivi, kisigino cha nyundo nyuma. Rahisi kuliko lile la kwanza! Hapa ndipo hasira ziliponirudia upya. Nililipa zaidi ili nipate mwiba, na mwiba ndio uliokuwa ugonjwa.

Ila bei nafuu haiji hivi hivi, ina kazi zake za nyumbani. Makali yalikuja butu kiasi kwamba ungeweza kuyalalia. Mpini umepakwa rangi ya kung'aa inayoteleza kama sabuni. Kichwa kimebanwa na kiskurubu kinacholegea kila baada ya mapigo kumi. Jumamosi nzima nilikuwa nje. Nikatoa kiskurubu. Nikakwangua rangi kwa msasa mpaka mti ukaonekana, nikatazama nyuzi zake kwa chini zinakwenda wapi, maana zikikatiza makali badala ya kufuatana nayo mpini utavunjika siku yoyote. Zangu zilikwenda upande upande, kama mimi. Nikaupaka mafuta ya kitani, ukanywa, nikaongeza, ukanywa.

Kisha tupa. Hapa nilipapenda, sitakuficha. Unalibana shoka, unasukuma tupa kutoka kwako kwenda mbele tu, unainua, unarudi, unasukuma. Mwanzoni inateleza na kulia. Halafu ghafla inaanza kula, unga wa kijivu unamwagika, na ukipitisha kidole kwa uangalifu upande wa pili unausikia unywele wa chuma umejikunja. Ukiusikia mwanzo mpaka mwisho wa makali, geuza upande. Mke wangu alinikuta nacheka peke yangu.

Tukarudi kambini. Matawi yakakatika. Vijiti nikavipasua kwa njia ya shemeji: unaweka makali juu ya kijiti, unavishika vyote viwili, unavigongesha pamoja kwenye gogo, wala hurushi mkono. Unapiga magoti ili ukikosea shoka liingie ardhini na si kwenye ugoko. Kwa magogo manene sikujidanganya tena, nilibeba msumeno wa kukunja, na yeyote anayekwambia tomahoki la nusu kilo linapasua gogo la unene wa paja ana lake la kuuza. Mpini ulikauka juani, kichwa kikashuka mpaka kidoleni, nikaligeuza juu chini, nikagonga ncha ya juu ya mpini mara mbili kwenye jiwe, kikarudi mahali pake. Vigingi vikaingia kwa kisigino, tap tap, kama nilivyoota tangu mwanzo.

Lile jeusi mke wangu alilibeba pia. Sikuuliza. Nilidhani ni la kunikumbushia godoro.

Siku ya kuondoka mvua ilikuwa imenyesha, udongo umeshika vigingi kama meno. Nikavuta kimoja, nikavuta kingine, kiganja kikachubuka. Mke wangu akaja na silaha yangu, akapitisha mwiba kwenye kitanzi cha kigingi, akalaza mpini chini taratibu kama mtu anayefungua chupa. Kigingi kikatoka. Cha pili. Cha tatu. Alivimaliza kumi na viwili kabla sijakunja hema, akalifuta tope, akalirudisha kwenye ala yake.

"Sasa hii," akasema, "ni taktikali."