Wabelgiji wana mkataba wao, sisi tulikuwa na wetu

Kila Novemba 11 huku Ubelgiji ni sikukuu ya kukumbuka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, unalala na mshahara unaingia. Hilo sina ubishi nalo. Kinachonikera ni mazungumzo ya kesho yake kazini. Wenyeji wanasimulia vita vya 1914 kama ukoo unaosimulia kesi ya shamba la babu: mkataba wa London wa 1839 ulisema Ubelgiji isiegemee upande wowote na isiguswe, Mjerumani akavamia Agosti 4, na usiku uleule Mwingereza akatangaza vita kwa ajili ya karatasi hiyo.

Karatasi hata sisi tulikuwa nayo. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wazi makoloni ya ukanda wa Kongo, pamoja na letu la Afrika Mashariki ya Kijerumani, yakae nje ya vita iwapo wapiganaji wangekubaliana. Schnee, gavana wetu wa Kijerumani, alitaka hivyo. Agosti 8 manowari ya Kiingereza, Astraea, ikaipiga Dar es Salaam mizinga. Siku nne tu! Mwingereza yuleyule mlinzi wa mikataba.

"Ameshiba chipsi za Brussels, sasa anatufundisha historia." Nawasikia. Mimi ni mtoto wa Tabora, na shuleni nilikariri kama ninyi kwamba miungano ya kijeshi ilileta vita. Basi nielezeni Italia: iliungana na Ujerumani na Austria-Hungaria tangu 1882, vita vikaja ikakaa pembeni, 1915 ikapigana upande wa pili. Muungano haukumburuta mtu kwa kamba. Ulichofanya ni kutia jeuri. Austria ilipoahidiwa Julai 5 kwamba Berlin iko nyuma yake, ndipo ikaikaba Serbia.

"Kwa hiyo unamtetea Mjerumani?" Wee! Baada ya Maji Maji?

Na Mbelgiji mwenyewe, yule wa kutoguswa, Septemba 1916 aliingia Tabora na jeshi ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo. Jenerali wao Tombeur akaongezewa jina, "de Tabora", na mnara wake uko Saint-Gilles, hapahapa Brussels. Wenzangu kazini wananiuliza Tabora iko wapi.

Lakini angalau wao mkataba wao wanaujua. SADC, jumuiya yetu ya nchi za kusini mwa Afrika, nayo ina mkataba wa kulindana kijeshi, umesainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, na wanajeshi wetu waliokuwa kwenye kikosi cha SADC huko Goma, Kongo, waliondoka mwaka 2025. Ninyi mnaosema najidai, nani kati yenu ameusoma?