Nilitaka Mjomba Apunguziwe Dawa

Sista aliingia na bakuli la barafu iliyopondwa kabla hata dripu haijatundikwa. Akamwambia mjomba aanze kumumunya palepale, na asiache mpaka atakapoambiwa. Nilidhani ni kwa sababu ya joto, maana ilikuwa Chennai, India, mwezi wa tano, na jua la kule linalishinda la Tanga. Kumbe barafu hubana mishipa midogo ya mdomoni, damu ikapita kidogo, na dawa inayosafiri na damu nayo ikafika kidogo. Mfuko wenyewe ulikuwa mdogo. Nusu saa tu, umekwisha. Mjomba wangu, aliyekata mkonge tangu akiwa kijana, alinitazama meno yakigongana, kama anayeuliza: ndiyo hii tu tuliyouzia shamba?

Ndiyo hiyo. Inaitwa melfalani, miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Ni kizazi cha gesi ya haradali, ile silaha ya Vita Vikuu vya Kwanza, baada ya wanasayansi kugundua kwamba sumu iliyofuta chembe nyeupe za damu za askari ingeweza kufuta pia chembe za saratani.

Mjomba alikuwa na mieloma, saratani ya damu inayokaa ndani ya uloto, pale mifupani. Siku chache kabla, mashine ilikuwa imevuna seli shina zake, yaani mbegu zinazozaa damu, kupitia mpira wa shingoni, zikahifadhiwa kwenye jokofu la benki ya damu, ghorofa ya chini. Watu wakisikia "kupandikizwa uloto" hudhani kupandikizwa ndiko kunakotibu. Kwa ugonjwa kama wake, anayepigana ni dawa. Dawa inaua saratani na inaua uloto wote pamoja nayo, halafu mgonjwa anarudishiwa seli zake ili asife kwa hiyo dawa. Nilipomweleza hivyo mjomba akasema, "Kumbe mnachoma shamba lote ndipo mpande upya." Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo.

Siku ya sita mdomo ulichanika. Barafu ilikuwa imesaidia, lakini si kila mtu inamkinga kabisa. Hakuweza kumeza mate, akawa anayatema kwenye kopo la plastiki nililoliosha kila saa. Walimwekea mofini ya kutuliza maumivu. Chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka karibu na sifuri, na mimi nilikaa pembeni nimevaa barakoa nikiogopa hata kukohoa. Usiku ule nilimfuata daktari kwenye korido, nikamuuliza kwa hasira ambayo leo naiona ilikuwa woga mtupu: kwa nini msingempunguzia? Mtu wa miaka 61, mwembamba hivi, mngempa nusu tu.

Alinijibu neno moja kabla ya kuingia chumba kingine. Limeshajaribiwa.

Nilirudi kukaa nikiwa nimechukia. Ilinichukua miaka kulielewa jibu lile, na ndilo limenifanya niandike hapa.

Ni kweli lilijaribiwa. Italia waliwagawa wagonjwa wa mieloma, wengine wakapewa melfalani ya 200, wengine ya 100. Waliopata 200 walikaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujarudi. Na swali la upande wa pili lilijaribiwa pia. Madaktari wa Ufaransa walijiuliza kama kuongeza mionzi ya mwili mzima juu ya melfalani kungemaliza saratani vizuri zaidi. Kwa akili ya kawaida ungesema ndiyo, silaha mbili ni bora kuliko moja. Mwaka 2002 walitoa matokeo ya wagonjwa 282: waliopewa melfalani 200 peke yake, asilimia 65.8 walikuwa hai baada ya miezi 45. Waliopewa melfalani kidogo pamoja na mionzi walikuwa asilimia 45.5. Ule mfuko mdogo ulioninyima usingizi ulikuwa umepita kwenye mizani pande zote mbili.

Nimesikia mara nyingi, misibani na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, kwamba hospitali zinazofanya majaribio "zinawafanya watu panya". Nayaelewa maneno hayo, na sitaki kuyadharau, kwa sababu historia ina mambo ya aibu. Lakini katika jambo hili la dawa zinazotolewa kabla ya kupandikizwa, naamini hatari kubwa zaidi iko kwa yule anayepewa mchanganyiko ambao hakuna aliyeupima, kwa sababu tu daktari anauamini au ndugu wameomba.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa watoto. Mtoto mwenye leukemia kali ya limfu, saratani nyingine ya damu, anayehitaji kupandikizwa, kwa miaka mingi alianza kwa kupigwa mionzi mwili mzima. Mionzi ile inaweza kudumaza kimo, kuharibu tezi ya shingo, kuleta mtoto wa jicho, kuondoa uwezo wa kuzaa, na miaka ya baadaye kuzaa saratani nyingine. Ni mzazi gani asiyetamani mwanawe aepushwe? Kwa hiyo madaktari wa nchi nyingi waliungana katika jaribio lililoitwa FORUM. Nusu ya watoto wapate mionzi pamoja na dawa ya etoposidi. Nusu nyingine wasipigwe mionzi, bali wapewe mchanganyiko wa fludarabini na thiotepa, pamoja na busulfani au treosulfani. Hakuna daktari aliyechagua mtoto yupi aende wapi, iliamuliwa kwa bahati nasibu. Matumaini ya wengi, na yangu yangekuwa hayohayo, ni kwamba dawa zingefanya kazi sawa na mionzi, na watoto wakue salama.

Mwaka 2019 ilibidi waache kugawa. Zaidi ya watoto 400 walikuwa wameshaingia, na tofauti ilikuwa imeonekana. Baada ya miaka miwili, waliopigwa mionzi walikuwa hai asilimia 91. Waliopewa dawa peke yake, asilimia 75. Leukemia iliwarudia asilimia 12 upande wa mionzi na asilimia 33 upande wa dawa.

Niliposoma takwimu hizo niliweka simu chini. Nilimkumbuka yule daktari wa kwenye korido. Fikiria hospitali ambazo, bila jaribio hilo, zingeacha mionzi kwa huruma. Kila moja ingepoteza mtoto mmoja, wawili, watatu zaidi kwa mwaka, na ingesema ni mapenzi ya Mungu, ugonjwa ulikuwa mkali. Hakuna ambaye angejua. Huwezi kuiona tofauti ya tisini na moja na sabini na tano ukiwa umesimama kando ya kitanda kimoja.

Watu wazima nao walijaribiwa hivyo Marekani, wagonjwa 272 wenye leukemia kali ya mieloidi au ugonjwa unaoitangulia: wengine wakapewa dawa kali kabla ya kupandikizwa, wengine nyepesi. Dawa nyepesi iliua wachache zaidi kwa sumu yake, asilimia 4.4 dhidi ya 15.8, lakini ndani ya miezi 18 saratani ilikuwa imewarudia karibu nusu ya waliopewa nyepesi. Waliopewa kali ni asilimia 13.5 tu.

Na wakati mwingine upole unashinda. Treosulfani ikichanganywa na fludarabini ilipambanishwa na busulfani ya kipimo kilichopunguzwa, kwa wagonjwa wa umri mkubwa au wenye maradhi mengine ambao hawawezi kuhimili dawa kali. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2020, upande wa treosulfani ndio uliokuwa na watu wengi zaidi walio hai bila ugonjwa baada ya miaka miwili. Ulaya waliiidhinisha mwaka 2019, Marekani mwaka 2025. Hapo huruma na takwimu zilikubaliana. Ila nani angejua kabla?

Sasa nirudi kwa mjomba, kwa sababu hapa ndipo jambo linapotuhusu sisi wa huku.

Mwaka uleule wa 2019, sisi tukiwa Chennai, hospitali ya MD Anderson ya Houston, Marekani, ilichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 205 wa mieloma. Nusu walipata melfalani kama ya mjomba. Nusu walipata kwanza busulfani kwa siku nne, kisha melfalani siku mbili. Kwa kundi la melfalani peke yake, nusu ya wagonjwa walifikisha miezi 43.5 kabla ugonjwa haujasonga tena. Kwa waliochanganyiwa, miezi 64.7. Karibu miaka miwili ya ziada. Gharama yake ilikuwa mdomoni: vidonda vya kuhitaji kushughulikiwa viliwapata asilimia 74, wakati wenzao ni asilimia 14. Na wakati ule, idadi ya waliobaki hai katika makundi yote mawili bado haikuwa na tofauti ya wazi.

Nimemsomea mjomba takwimu hizo nyumbani, kibarazani, kwa sababu ugonjwa wake ulianza kuonekana tena kwenye vipimo mwaka wa nne. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kile kidonda, mara ngapi yake?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Na miaka miwili hiyo mtu anakaa anaumwa, au anakaa mzima?" Niliona aibu kwamba sikuwa nimelifikiria swali hilo kabla yake. Mgonjwa ndiye anayejua kuuliza.

Lakini hata kama angesema ndiyo, wakati ule hospitali nyingi zisingeweza kumpa, na si kwa sababu ya bei ya busulfani. Sababu ni jokofu. Melfalani hutoka mwilini ndani ya saa chache. Ukiitoa leo, kesho au keshokutwa unaweza kumrudishia mgonjwa seli zake, na seli shina huweza kusubiri siku mbili tatu kwenye jokofu la kawaida la benki ya damu, nyuzijoto 4, bila kugandishwa. India wanafanya hivyo sana, na ndivyo alivyofanyiwa mjomba. Ukiongeza busulfani, maandalizi yanakuwa wiki nzima na zaidi. Seli hazisubiri wiki. Lazima zigandishwe, mara nyingi kwa nitrojeni ya kimiminika, na hiyo inataka mitungi, umeme usiokatika, na mtaalamu wa kuziyeyusha. Isitoshe, busulfani huchakatwa na ini, na ini la mtu si la mwenzake. Houston walitoa kwanza dozi ndogo ya kupima, wakachukua damu mara kadhaa, wakakokotoa dozi ya kila mtu peke yake. Ikizidi inaweza kuziba mishipa ya ini, ikipungua saratani inarudi.

Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na wagonjwa wa mieloma walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Siku niliposoma habari hiyo nililia, nikifikiria nauli, hoteli na visa. Ninachoomba sasa ni kwamba kupandikiza kukishazoeleka, tusiishie kunakili orodha ya dawa iliyoandikwa Houston au Paris. Yapo maswali ambayo Houston hawana haja ya kuyauliza. Ni mchanganyiko gani unaoweza kukamilika kabla seli hazijaharibika kwenye jokofu la nyuzi 4? Mgonjwa aliyefika amechelewa, figo zimeshachoka na mifupa imeshavunjika, kama wengi wetu tunavyofika, anahimili kipimo gani?

Swali linalofaa likiulizwa hubadilisha mambo hata kwa dawa ya zamani. Wapo wagonjwa ambao, tofauti na mjomba, huhitaji uloto wa mtu mwingine. Utafiti wa mwaka 2014 kwenye rejista ya Marekani ulionyesha kwamba Mzungu ana nafasi ya asilimia 75 ya kumpata mtu baki anayelingana naye kabisa kwa uloto, na kwa watu weusi ni asilimia 16 hadi 19. Hospitali ya Johns Hopkins ya hukohuko Marekani ilikuwa imeshachukua siklofosfamidi, dawa ya miaka ya hamsini na ya bei nafuu, wakaitoa siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikiza. Ikatuliza chembe za mchangiaji zinazomshambulia mgonjwa, kiasi kwamba mzazi, mtoto au ndugu anayelingana nusu tu anaweza kuchangia.

Kuhusu ridhaa nina uchungu wangu. Fomu aliyosaini mjomba kabla ya dripu ilikuwa kurasa 9 za Kiingereza. Mimi ndiye niliyemtafsiria, harakaharaka, sista akiwa amesimama na kalamu, na yako maneno niliyoyaruka kwa sababu sikuyajua. Alisaini kwa kuniamini mimi. Hayo yalikuwa matibabu ya kawaida. Katika jaribio, ambako mtu anakubali bahati nasibu imwamulie dawa, kumtegemea mpwa mwenye usingizi ni kumkosea.

Jumatatu tuna kliniki. Nimeandika maswali kwenye daftari: vipimo vya protini vimepanda kiasi gani, figo zikoje, je, kupandikizwa mara ya pili kunawezekana, na kama kuna jaribio lolote linaloandikisha wagonjwa huku kwetu. Mjomba alichukua kalamu akaongeza la kwake chini, kwa herufi kubwa kama anavyoandika siku zote: NIKIKUBALI KUJARIBIWA, FOMU ITAKUWA YA KISWAHILI?