Mzizima, Baghdad na watu wanaokwenda "mjini"

Jumapili moja kijiweni Magomeni, kahawa ikizunguka na kashata zimekwisha, ulizuka ubishi wa nani hasa aliyeujenga mji huu wa Dar es Salaam. Mzee mmoja wa Kilwa alitubeza bila huruma. "Huu wenu wa juzi tu. Msafiri Ibn Battuta alipofika kwetu mwaka 1331, sisi tuna msikiti wa mawe na sultani. Ninyi mlikuwa na nini?" Watu wakacheka, mimi neno likaniganda.

Kwa hesabu ya miaka mzee anatushinda. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa miaka ya 1860, kwa jasho la watumwa, akafariki mwaka 1870 mji ukiwa bado haujakamilika. Ndugu yake Barghash akaupa mgongo. Wajerumani wakaja mwaka 1887, na 1891 wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Basi, ndiyo hadithi tunayofundishwa, na karibu kila mtu hapa anaijua.

Mimi ugomvi wangu ni na sentensi ya kwanza ya hadithi hiyo. Majid hakukuta pori. Alikuta Mzizima, kijiji cha pwani cha Washomvi na Wazaramo, watu wenye minazi yao, samaki wao na makaburi yao. Yeye alileta jina jipya, ambalo mpaka leo watu hubishana kama ni nyumba ya amani au bandari ya salama. La Mzizima limebaki kwenye vibao vya shule na majengo, na nina hakika nusu ya wanaopita chini ya vibao hivyo hawajui kwamba wanasoma jina la mji wao wenyewe.

Nilipokuwa nabishana kimoyomoyo na yule mzee, nikaikumbuka Baghdad. Khalifa al-Mansur aliianzisha mwaka 762, mji wa duara kando ya mto Tigris, akauita Madinat as-Salam, yaani mji wa amani. Binamu kabisa wa Dar es Salaam! Jina hilo likapigwa hata kwenye sarafu. Lakini mahali pale palikuwa na kijiji kikiitwa Baghdad tangu zamani, na watu wakaendelea kupaita hivyohivyo. Leo khalifa ana sarafu zake makumbusho, kijiji ndicho chenye jina. (Na amani yenyewe? Mwaka 1258 Wamongolia walifika, wakamuua khalifa na kuuteketeza mji. Sisi tunaojivunia jina tusilitwike mzigo lisioweza kuubeba.)

Kwa hiyo Baghdad kijiji kilimshinda mtawala, hapa mtawala kakishinda kijiji. Sidhani kama ni bahati tu. Baghdad walioishi mjini walikuwa wengi kuliko amri. Mzizima ilikuwa ndogo, na serikali tatu zilizofuatana, ya sultani, ya Mjerumani na ya Mwingereza, zote zilitumia jina lilelile kwenye karatasi zao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Istanbul. Wagiriki waliuanzisha ukiitwa Byzantion. Kaizari Konstantino akauzindua upya mwaka 330, ukachukua jina lake. Waturuki Waosmani wakauteka mwaka 1453. Na jina Istanbul? Wataalamu wengi wa lugha husema limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kwenda mjini" tu. Mtu wa shamba anaulizwa unakwenda wapi, anajibu: mjini. Jibu hilo likageuka jina, na mwaka 1930 serikali ya Uturuki ikalipa muhuri. Mkazi wa Mbagala anayepanda daladala asubuhi akisema "naenda mjini" ataielewa Istanbul haraka kuliko profesa.

Ndiyo maana ukiniuliza asili ya Dar, sikupeleki kwenye majengo ya Majid. Nakupeleka Kariakoo. Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, waliweka pale kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waafrika walibebeshwa risasi na unga porini, wakafa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki nzima, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina la kikosi ukalifanya Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa msiba uleule. Pale mtaa wa Samora sanamu ya shaba, iliyowekwa mwaka 1927, ni ya askari na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi, chini. Lakini hakuna konda anayeita abiria kwa jina la sanamu.

Sidai mji ubadilishwe jina. Hatutaki foleni nyingine ya vitambulisho. Ninachotaka ni kidogo: mtoto wa darasa la nne Temeke akiulizwa Dar ilianzaje, aanze na Mzizima, ndipo Majid aingie, kama mgeni anavyoingia, kwa hodi.

Yule mzee wa Kilwa nilimrudia wiki iliyofuata na haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yake. "Sawa," akasema. "Lakini msikiti wa mawe bado hamna."