Wanja wa kudumu? Mimi simtii mtu

Juzi mama mmoja wa Jang'ombe, hapa Unguja, alikuja kupanga siku ya hina ya mwanawe. Tulipokwisha bei, akauliza: "Na ule wanja wa kudumu unatia?" Nikamwambia sitii. Akanitazama kama niliyemnyima chumvi.

Namwelewa. Harusi zetu ni jasho na machozi. Kaskazi likishika, biharusi hajafika jukwaani wanja umeshamteremka mashavuni. Na mwanamke anayetia udhu mara tano kwa siku, kuamka macho yameshapambwa kwake si jambo dogo.

Ila tuuite kwa jina lake: huo ni chale. Sindano inatoboa ukope, penye ngozi nyembamba kabisa, na kuacha rangi humo ndani. Ukingoni hapo pana vitezi vinavyotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke; vikidhurika, jicho linakereketa kama lina mchanga. Sindano iliyomchoma mwenzio ikikugusa, inaweza kukupa homa ya ini. Na hata huko kudumu kwenyewe ni maneno ya biashara. Rangi hufifia baada ya miaka, nyengine hugeuka buluu, ukarudi kuchomwa tena. Ukitaka kuifuta kwa leza, rangi yenye chuma huweza kuzidi weusi.

Wapo watakaonitajia hadithi ya Mtume ya kulaaniwa mwenye kuchanja chale na mwenye kuchanjwa. Hayo nawaachia masheikh. Mimi nasema la mkono wangu.

Zamani nilikuwa nachora kwa piko, kwa sababu maharusi walitaka maua meusi, tena upesi. Piko ni rangi ya kutia nywele weusi, ina kemikali iitwayo PPD. Biharusi wangu mmoja alivimba malengelenge kila palipopita ua, mpaka viwikoni. Siku ya kutolewa nje alivaa glavu. Alipona, lakini alama alikaa nazo miezi, na mamake mpaka leo akiniona sokoni Darajani anapita upande wa pili. Ule ulikuwa mkono. Jicho ningelilipa na nini?

(Wanja wa manga, ule wa jiwe la kusaga, nao msiutukuze. Mwengine una madini ya risasi, na kumpaka mtoto mchanga ni kumtafutia maradhi.)

Yule mama tumeafikiana hatimaye: hina nyekundu, wanja wa kalamu usiotoka kwa maji, na kitambaa cha kufutia atakishika somo, yaani kungwi wake biharusi.