Uzamivu wa Uhandisi Chuo cha Umma: Hesabu Ianzie Maabara

Anayetaka kusomea uzamivu wa uhandisi katika chuo kikuu cha umma huambiwa mambo mawili: kwamba atapata mitambo asiyoweza kuinunua maishani, na kwamba atazeekea humo. Yote yana ukweli. Kitakachompata hutegemea mada aliyochagua, na hilo linaweza kupigiwa hesabu kabla pendekezo la utafiti halijaandikwa.

Chukua zege la nguvu kubwa. Mchemraba wa milimita 150 una uso wa milimita za mraba 22,500, kwa hiyo zege la megapaskali 100, yaani newtoni 100 kwa kila milimita ya mraba, huhitaji kilonewtoni 2,250 ili livunjike. Mashine nyingi za kugandamiza hukomea 2,000. Anayegundua hayo baada ya vipande kukaa majini siku 28 ili vikomae amepoteza saruji na muhula. Aliyepiga hesabu mapema humimina michemraba ya milimita 100, ambayo hutosheka na kilonewtoni 1,000, kisha hueleza katika tasnifu kwamba mchemraba mdogo kwa kawaida huonyesha nguvu kubwa kidogo.

Uchovu wa metali, yaani kudhoofika kwake inapobebeshwa mzigo tena na tena, ni mtihani zaidi. Mizunguko milioni 10 ya mzigo, kwa kasi ya mizunguko 10 kila sekunde, ni sekunde milioni moja: siku 11 na nusu kwa kipande kimoja, usiku na mchana. Vipande 20 ni zaidi ya miezi saba, kabla umeme haujakatika na kabla wanafunzi wa shahada ya kwanza hawajaidai mashine hiyohiyo kwa mazoezi yao.

Halafu kuna manunuzi. Fedha za umma hudai nukuu za bei, zabuni na saini nyingi, na kihisi kidogo cha kupima mkazo kinaweza kusubiriwa miezi. Wanaotetea utaratibu huu wana hoja: bila huo, kila msimamizi angenunua kwa rafiki yake. Lakini muda wa mwanafunzi hausimami faili likiwa mezani. Inasaidia kuandika sifa za kifaa kwa vipimo na usahihi badala ya jina la kampuni, ili ombi lisirudishwe, na kuagiza vipuri na nyaya pamoja nacho.

Wengi hukwepa yote haya kwa uigaji wa kompyuta. Ni njia halali, ila mtahini wa nje atauliza matokeo yamelinganishwa na jaribio gani. Ikibidi, tumia data za majaribio zilizokwisha kuchapishwa. Anayesoma huku ameajiriwa kwingine ndiye anayefaa zaidi kuifikiria njia hii ya kompyuta, maana jaribio la saa 24 halimngoji atoke kazini. Uholanzi na Norway, ambako mtafiti wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo, tatizo hilo ni dogo.

Kwa maoni yetu, chuo cha umma kinamfaa ambaye jaribio lake linaingia kwenye mashine iliyopo na inayofanya kazi. Anayehitaji mtambo mkuu ununuliwe kwanza abadili mada. Na kabla ya kumwona msimamizi, amwone fundi sanifu wa maabara (mtu muhimu ambaye tasnifu nyingi humshukuru kwa mstari mmoja) amuulize: cheti cha uhakiki wa vipimo kinaisha lini, mashine iliharibika lini mara ya mwisho, na kipuri kilichukua muda gani kufika.