Ghala la Chuma Likiungua, Tuamini Nguzo Zilizopinda?

Ghala la alizeti likiungua huku Dodoma, jibu hupatikana kabla majivu hayajapoa: shoti ya umeme. Ukiuliza wamejuaje, utaonyeshwa kenchi, yaani fremu za chuma zinazobeba paa, zilizolala chini. Palipolegea zaidi, wanasema, ndipo moto ulipoanzia.

Hoja hiyo ina uzito. Chuma huyeyuka karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi, lakini kikifika nyuzi 600 hivi kimeshapoteza takriban nusu ya nguvu zake, na hapo kenchi zinaanza kuzama. Zikizama upande mmoja tu, ni dalili kwamba upande huo ulipata joto kali. Mpelelezi akianzia hapo, simlaumu.

Ila joto kali ni jambo moja, na mwanzo wa moto ni jambo jingine. Magunia ya mashudu, yaani mabaki ya alizeti iliyokamuliwa mafuta, yakipangwa hadi juu upande wa mlango mkubwa, na mlango wenyewe uko wazi kwa upepo wa kiangazi, kenchi za pale ndizo zitakazopinda kwanza, hata kama cheche iliruka ofisini mwisho wa jengo. Na nguzo iliyobeba mzigo mkubwa huanguka mapema kuliko mwenzake.

Waya nao hupotosha. Utaona shaba imefanya kishanga kidogo kinachong'aa nchani, na watu wanashangilia kwamba ushahidi umepatikana. Lakini moto wowote ukiteketeza ganda la waya wenye umeme, kishanga hicho hicho huweza kutokea. Kinathibitisha kwamba umeme ulikuwepo moto ulipofika, basi. Wakati huohuo mashudu yenye mafuta, yakirundikwa yangali ya moto kutoka kwenye mashine, huweza kujipasha yenyewe ndani ya rundo mpaka yakawaka. Aliyeshaamua ni shoti hatachimba rundo hilo.

Mwenye ghala naye ana haki yake: msimu unakaribia, mkopo unadaiwa, na wanunuzi wa chuma chakavu wamefika na mitungi ya gesi ya kukatia. Namwelewa. Hata hivyo naomba asikubali kukata nguzo hata moja kabla Zimamoto hawajazipa namba, kuzipiga picha na kupima zimeegemea wapi. Na mlinzi aulizwe mapema, peke yake, moshi aliuona ukitokea upande gani, kabla hajasikia majirani wanasemaje.