Jeli ya kunasa rangi na swali la chumvi

Jioni moja barazani hapa Lamu, kijana wetu anayesoma kemia chuo kikuu alitueleza habari za haidrojeli za nanokompositi: jeli inayofyonza maji, iliyochanganywa na chembe ndogo mno za mfinyanzi au oksidi ya chuma, ambayo ukiitumbukiza kwenye maji taka yenye rangi huinasa rangi na kuyaacha maji meupe. Mzee mmoja, fundi wa mabomba aliyestaafu, akamwuliza, "Mwanangu, na maji ya chumvi je?" Vijana wakacheka, wakidhani mzee hakuelewa. Mimi naona alielewa kuliko sote.

Kijana naye apewe haki yake. Rangi za nguo hutengenezwa zisichujuke kwa jua wala kwa sabuni, na kwa sababu hiyohiyo bakteria wa mabwawa ya maji taka huzishindwa. Zikifika baharini kwa wingi huzuia mwanga usiyafikie majani ya bahari. Makaa amilifu, yaani makaa yenye vitundu vingi vidogo mno, yakiwemo ya vifuu, huzinasa vizuri, lakini yakiwa unga unabaki na kazi ya kuutoa unga wenyewe majini. Jeli yenye magnetaiti, ile oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, unaivuta kwa sumaku. Tena yaweza kutengenezwa kwa kitosani, inayotolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, takataka ambazo pwani hii haizikosi.

Sasa ile takwimu iliyomfurahisha kila mtu. Tafiti hutaja uwezo wa jeli kwa miligramu za rangi kwa kila gramu ya jeli kavu, na zimo zinazovuka 1,000. Yaani gramu moja ya jeli hubeba gramu nzima ya rangi. Nimechukua sufuria ya jirani yangu, msukaji wa mikeka. Huchemsha miyaa na rangi ya zambarau, akatupia konzi ya chumvi ili rangi ishike, na akishaitoa miyaa kwenda kuianika, maji humwagwa mtaroni, nao mtaro huishia baharini. Tuseme zimebaki lita 20, kila lita na miligramu 100 za rangi. Jumla gramu 2. Kwa hesabu ya kijana, jeli isiyojaza kijiko cha chai ingemaliza kazi.

Lakini hiyo 1,000 hupatikanaje? Mara nyingi ni kwa rangi moja tu, hasa methilini bluu, iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyokenekwa, yale tunayotia kwenye betri. Rangi huwekwa nyingi, jeli ikaachwa kwa saa nyingi mpaka ishibe. Rangi ikiwa chache majini, gramu ileile hubeba kidogo zaidi. Na gramu hiyo imepimwa kavu. Ikitoka majini ni ute wenye uzito mara nyingi kuliko huo, na ute huo lazima uwekwe mahali.

Halafu chumvi. Nyingi ya jeli hizi hushika rangi kwa mvutano wa chaji: jeli ina chaji hasi, rangi ina chanya. Sodiamu ya chumvi nayo ina chanya, na hugombea nafasi zilezile. Jeli yenyewe pia husinyaa. Nilijaribu nyumbani: nikapasua pampasi mpya, nikakung'uta punje zake, ambazo nazo ni jeli kavu ya kufyonza maji, kwenye bakuli, nikatia maji zikavimba hadi ukingoni. Nilipokoroga kijiko cha chumvi, ute ukalegea na maji yakaachana nao. Punje za aina hiyo hunywa maji yaliyokenekwa zaidi ya mara 300 ya uzito wake. Kwenye maji yenye chumvi asilimia 0.9 hushuka hadi karibu mara 50.

Bahari yetu ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Kiwandani, pamba inapotiwa rangi zinazojifunga na uzi wenyewe, na rangi ikitakiwa iliyokoza, chumvi hufika gramu 50 kwa lita au zaidi. Maji ya kusuuza huipunguza, ni kweli, lakini chumvi na rangi hutoka mlango mmoja. Kwetu ongeza visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe: maji yake yana kalsiamu, ambayo chaji yake ni maradufu ya sodiamu. Makaa hayategemei sana chaji, kwa hiyo chumvi huyasumbua kidogo.

Watetezi hujibu kwamba mfinyanzi huipa jeli nguvu. Sawa, tangu kazi ya mtafiti Haraguchi kule Japani mwaka 2002 inajulikana kuwa jeli za mfinyanzi hunyumbuka mno bila kukatika. Mzee hakuuliza kama itakatika.

Jeli iliyoshiba huoshwa kwa asidi au spiriti ili itumike tena, na rangi hurudi kwenye maji ya kuoshea, safari hii ikiwa imekolea. Kijana alipita hapo haraka.

Simwombi aiache kazi yake. Naomba jeli moja ipimwe katika maji matatu: ya betri, ya kisima chetu, na ya sufuria baada ya miyaa kutolewa. Jirani atachemsha zambarau tena wiki ijayo. Nimemwomba asiyamwage yote, aniwekee lita tano kwenye jerikeni, na mzee amesema atakuwepo siku ya kupima.